Watunzi wa Vichekesho: Kutoka Kambi za Mkonge za Kimamba hadi Televisheni

Utunzi wa vichekesho vya televisheni Tanzania Bara ni kazi changa, kwa kuwa televisheni yenyewe ilianza 1994. Vichekesho vyenyewe vina umri mkubwa zaidi, na sehemu kubwa ya ufundi wake ilikomaa mahali ambapo kamera haikufika, yaani kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa. Kimamba, wilayani Kilosa, ni mmoja wa miji inayoonyesha vizuri mazingira hayo.

Mji huu mdogo, ambao leo umegawanyika katika kata za Kimamba A na Kimamba B, uko kando ya Reli ya Kati, kati ya Morogoro na Kilosa. Wajerumani waliifikisha reli Morogoro 1907 na Kilosa 1909. Mkonge ulikuwa umeingia nchini 1893, pale Dk. Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida na 62 tu ikafika ikiwa hai. Uzao wa miche hiyo ulienea kwanza Tanga, kisha ukafuata reli hadi nyanda za Kilosa. Wenyeji wa wilaya ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, lakini mashamba yalihitaji mikono mingi kuliko waliyokuwa tayari kuitoa. Ndipo wakaletwa manamba, yaani vibarua wa mkataba kutoka mbali. SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua iliyoundwa na wenye mashamba 1944, ilisomba watu kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Urundi na Msumbiji.

Maisha ya manamba yalipimwa kwa kipande. Kadi hiyo ilijazwa siku 30 za kazi, na mtu hakupata mshahara wake kamili mpaka zitimie. Mkata mkonge alifunga majani katika mizigo, kwa kawaida majani 30 kila mzigo, akaupanga kando ya njia ili upelekwe korona, yaani kiwandani, kusagwa. Jioni watu wa makabila kumi na zaidi walirudi kwenye kambi moja, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili kikiwa ndicho pekee kilichowaunganisha. Mchekeshaji wa Kiswahili hapati hadhira bora kuliko hiyo. Wote wanaielewa lugha, kila mmoja anaitamka kwa lafudhi yake, na kila lafudhi inaweza kuigizwa.

Ruhusa ya kuiga ilitoka kwenye utani. Desturi hii ya makabila kutaniana bila kukasirikiana ilimvutia R. E. Moreau, mtafiti aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, akaandika makala juu yake 1944. Baadaye mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliuchunguza utani wa Wakaguru, kaskazini mwa wilaya ya Kilosa. Makabila mengi yenye utani yaliwahi kupigana, kufanya biashara au kusafiri pamoja katika misafara. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, walikutana kwenye njia ya kwenda pwani, na njia hiyo ilipita katika nchi ya Wasagara.

Utani huonekana waziwazi zaidi msibani. Watu wamekaa kimya, mwili uko ndani, halafu mtani anaingia amevaa koti la marehemu. Anatembea kama marehemu alivyotembea, anakohoa kama alivyokohoa, anadai deni ambalo marehemu alikuwa akimdai jirani, na anagoma kuondoka mpaka apewe fedha kidogo. Waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka. Ndani ya dakika hizo chache umo muundo wote wa kichekesho kifupi: mhusika anayejulikana, vazi linalomtambulisha, kauli anayoirudia, ugomvi mdogo na malipo. Hakuna maandishi. Mtani ndiye mtunzi na ndiye mwigizaji. Uwili huo wa kazi ulidumu kwa miaka mingi, na ndio unaoeleza yaliyowapata watunzi wa baadaye.

Mchango mwingine ulitoka kwenye sinema. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa majaribio ulioongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi za mafunzo na kuzungusha maonyesho katika nchi za Afrika Mashariki na Kati. Filamu nyingi zilitungwa na Wazungu kwa nia ya kufundisha kilimo, afya na kuweka akiba, lakini watazamaji walizipenda zaidi pale zilipochekesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishiriki kutengeneza filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Mhusika wake mkuu, mtu wa shamba anayebabaishwa na mji wa Dar es Salaam, aliigizwa na Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Mshamba mjini amebaki kuwa mmoja wa wahusika wapendwa wa vichekesho vya Kitanzania, na jina la Muhogo Mchungu lilichukuliwa baadaye kama jina la sanaa na mchekeshaji wa kundi la Kaole.

Baada ya Uhuru vichekesho vilipanda majukwaani. Majeshi, Magereza, Polisi na mashirika ya umma yaliunda vikundi vya utamaduni vilivyojaza kumbi kwa onyesho la jioni nzima: ngoma, sarakasi, maigizo, muziki na kichekesho katikati. Muungano Cultural Troupe na, tangu 1992, Tanzania One Theatre ya John Komba vilishindana vikali kwa mtindo huo. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyofika hadi vijijini, kwa michezo kama Pwagu na Pwaguzi. Redio ilibadilisha jambo moja muhimu. Mwigizaji asiyeonekana hawezi kuchekesha kwa mwendo wala kwa vazi, kwa hiyo maneno yalibidi yabebe mzigo wote. Mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza 1993 na kusimulia maisha ya dereva wa lori aitwaye Mkwaju, uliandikwa kwa miswada inayofuata mpango uliopangwa mapema, kwa kuwa ulikusudiwa kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Hii ilikuwa shule halisi ya kuandika mfululizo, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Televisheni ilichelewa Bara kwa uamuzi wa kisiasa: serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, na Kenya mapema zaidi, ambako Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwapa waigizaji kama Benson Wanjau, maarufu kwa jina la Mzee Ojwang, umaarufu uliovuka mpaka. ITV ilipoanza 1994 ilihitaji vipindi vya nyumbani, na waliokuwa tayari walikuwa watu wa jukwaani. Kaole walikuwa miongoni mwao. Said Ngamba, yaani Mzee Small, alihamishia kwenye kioo mhusika wake wa mzee mdogo wa umbo na mkubwa wa maneno.

Maisha ya kazi ya mtunzi wa aina hii yanaonekana vizuri zaidi kwa Amri Athuman, aliyeitwa King Majuto. Alizaliwa 1948 Tanga, mkoa mwingine wa mkonge, akaanza kuigiza jukwaani akiwa bado mtoto. Alipita jukwaani, kwenye televisheni, kisha kwenye filamu za video zilizouzwa kwa wingi katika miaka ya 2000. Popote alipopita alibeba mhusika mmoja: mzee wa uswahilini, mjanja, mbahili, anayejifanya haelewi anapoulizwa jambo lisilomfaa. Utunzi wake ulifanyika mbele ya kamera. Kundi lilikubaliana kisa na mwisho wake, mwongozaji akagawa nafasi, na maneno yenyewe yakazaliwa wakati wa kuigiza. Ndivyo zilivyotengenezwa filamu nyingi za Kitanzania za kipindi hicho. Wasiouthamini mtindo huu huuita uvivu. Si haki. Kupata jibu sahihi, kwa mapigo sahihi, bila kuandikiwa, ni ufundi uliomchukua Majuto zaidi ya nusu karne.

Kizazi kilichofuata kilipanga kazi kwa karibu zaidi. Ze Comedy, kipindi kilichoanzia EATV kabla ya kundi lake kuhamia TBC1 kama Ze Orijino Komedi, kilileta vipande vifupi, taarifa ya habari ya mzaha na uigaji wa viongozi na wasanii wanaotambulika mara moja. Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki na wenzao walilazimika kutunga upya kila wiki kutokana na yaliyotokea wiki hiyo, na kasi hiyo haiwezekani bila kikao cha utunzi. Mizengwe ya ITV ilimpa umaarufu mchekeshaji Mkwere, ambaye jina lake ni la kabila la jirani na Morogoro. Huu ni utani ule ule wa kambini, ukiwa sasa na matangazo ya biashara katikati. Mwanza nayo ilikuwa na Futuhi ya Star TV.

Mazoea ya kutunga kwa mdomo yaliwagharimu wasanii pale fedha zilipoingia. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inadai mswada kabla ya kibali cha kutengeneza filamu, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi za ubunifu kupitia taasisi ya hakimiliki, COSOTA. Lakini mtu asiye na ukurasa wenye jina lake hupata taabu kuthibitisha kwamba mhusika fulani, au kisa fulani, ni wake. Wengi walilipwa mara moja kama waigizaji, wakasahauliwa kama watunzi, huku kazi zao zikiendelea kuuzwa na kurushwa.

Jambo hilo lilifika serikalini kupitia Majuto mwenyewe. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, ilijulikana wazi kwamba mikataba yake ya filamu na matangazo haikumwachia mapato yanayolingana na umaarufu wake. Wizara inayohusika na sanaa iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alitibiwa India, akarudi, na akafariki Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Alizikwa Tanga. Tangu hapo suala la nani ametunga na nani analipwa limekuwa sehemu ya mazungumzo ya wachekeshaji wanaoandaa vipindi vyao.