Fedha za Serikali ya Kaunti ya Meru

Fedha za Serikali ya Kaunti ya Meru ni mapato ambayo kaunti hiyo hupokea au kukusanya, pamoja na maamuzi ya bajeti yanayoelekeza matumizi yake. Kama kaunti nyingine 46 za Kenya, Meru ilianza kuendesha bajeti yake baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi zinazokusanywa kitaifa, huku mapato yake yenyewe yakiwa kiasi kidogo. Kwa hiyo huduma katika wadi kama Kibirichia, iliyo katika eneobunge la Buuri kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hutegemea sana maamuzi yanayofanywa Nairobi.

Mamlaka ya kutoza kodi

Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinaipa serikali ya kitaifa kodi ya mapato, ushuru wa thamani ya ziada (VAT), ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kodi hizo hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA). Kaunti zimeachiwa kodi za ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na ada za huduma kama vile leseni za biashara, masoko na maegesho.

Utegemezi huu una historia ndefu. Halmashauri zilizotangulia kaunti zilipoteza chanzo muhimu miaka ya 1970, kodi ya kichwa iliyotozwa kwa viwango ilipofutwa. Sheria ya mwaka 1998 ilianzisha mfuko wa kuzipa halmashauri asilimia 5 ya kodi ya mapato, ukadumu hadi ugatuzi ulipoanza.

Mgao wa kitaifa

Kifungu cha 203 kinataka kaunti zote kwa jumla zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Hesabu zikichelewa kuidhinishwa, kiwango hicho cha chini hukadiriwa kwa mapato ya miaka iliyopita, ambayo kwa kawaida huwa madogo.

Tume ya Ugavi wa Mapato hupendekeza kanuni ya kugawa fedha hizo baina ya kaunti, na Seneti huiamua kila baada ya miaka mitano. Kanuni ya tatu ilipitishwa Septemba 2020 baada ya mvutano mkali. Ilitenga asilimia 20 igawanywe sawasawa kwa kaunti zote, asilimia 18 kwa idadi ya watu na asilimia 17 kwa afya. Nyingine zilifuata umaskini, kilimo, eneo la ardhi, barabara na miji. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, Meru ilitengewa takriban shilingi bilioni 9.5 na jirani yake Embu takriban bilioni 5.1. Kwa sensa ya 2019, Meru ilikuwa na watu 1,545,714 na Embu 608,599. Hivyo kila mkazi wa Embu alihesabiwa zaidi ya shilingi 8,000, na wa Meru kama 6,100. Sababu moja kubwa ni ile sehemu inayogawanywa sawasawa, ambayo huzifaa kaunti zenye watu wachache.

Sera ya kodi ya kitaifa hubadilisha mgao huu moja kwa moja. Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kuongeza kodi, ulipoondolewa kufuatia maandamano ya Juni mwaka huo, mgao wa kaunti zote kwa 2024/25 ulishuka kutoka shilingi bilioni 400.1 hadi 387.4.

Ushuru wa mazao

Kibirichia hujulikana kwa viazi. Magunia yanapopakiwa kwenye malori kwenda masoko ya nje, kaunti hutoza ushuru wa mazao, maarufu kama sesi. Mapato haya hupanda na kushuka kwa mvua na bei. Ushuru ukihesabiwa kwa gunia, gunia lililojazwa kupita kiasi hulipiwa sawa na la kawaida. Kwa hiyo kanuni za viazi za 2019, zinazoweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, zinamlinda mkulima na mapato ya kaunti pia. Katiba inakataza kaunti kutoza kodi kwa namna inayodhuru biashara baina ya kaunti. Ndiyo maana kumtoza msafirishaji upya katika kila kaunti anayopitia kumezua ubishi wa muda mrefu.

Bajeti

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, taarifa ya sera ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio kufikia Aprili 30. Angalau asilimia 30 ya bajeti inapaswa kwenda kwenye maendeleo, nayo mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti hairuhusiwi kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge lake. Kwa hiyo Hazina ya Taifa ikichelewesha mgao, au kaunti ikikadiria mapato yake kupita uwezo, miradi hukwama na madeni ya wakandarasi hulimbikizana.

Usimamizi

Fedha hazitoki katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, naye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua matumizi kila mwaka. Ushirikishaji wa umma ni takwa la Katiba. Mkutano wenye uzito zaidi kwa wakazi wa wadi ni ule wa kujadili taarifa ya sera ya fedha, kwa kuwa viwango vya matumizi ya kila idara huwekwa hapo. Makadirio yanapofika kwenye bunge la kaunti, nafasi ya kuyabadilisha imeshapungua.