Kusafisha, Kung'arisha au Kufifisha?

Katika kliniki zetu za meno neno "kusafisha" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mwenye ugaga nyuma ya meno ya chini hutaka kusafishwa. Mvuta sigara mwenye madoa hutaka kusafishwa. Bibi harusi anayetaka meno yawe meupe kabla ya sendofu naye hutaka kusafishwa, na kijana aliyekulia Arumeru, mwenye meno ya kahawia toka utotoni, hulitamka neno hilo hilo. Mahitaji yao si mamoja. Asiyeelezwa mapema hulipa, akajitazama kwenye kioo, akaona rangi ni ile ile na kuamini ametapeliwa.

Kusafisha kwa maana yake halisi ni kuondoa ugaga, yaani ule ukoga wa bakteria uliogandishwa na madini ya mate hadi mswaki hauuwezi tena. Daktari huukwangua kwa chuma au kwa kifaa kinachotetema, kisha husugua meno kwa brashi na dawa ili yateleze. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayostahili kuitwa kung'arisha. Madoa ya juujuu ya chai na sigara hutoka hapa, na mvuta sigara wetu huenda akaridhika. Rangi ya jino lenyewe haijaguswa. Enameli, yaani tabaka la nje la jino, hupitisha mwanga, na dentini iliyo chini yake kwa asili ina umanjano. Kadiri mtu anavyozeeka enameli hulika na dentini huongezeka, hivyo umanjano huzidi hata kwa anayepiga mswaki kila siku.

Anachokitaka bibi harusi ni kitu kingine kabisa. Saluni wanakiita blichi. Wapo wanaosema kupausha, lakini kilichopauka kwetu ni kilichochakaa, kama kanga iliyopigwa na jua. Kuchubua kumeshachukuliwa na mambo ya mkorogo, tena kunadanganya, kwa sababu hapa hakuna ngozi wala tabaka linalobanduliwa. Mimi nachagua "kufifisha rangi". Peroksaidi ya haidrojeni hupenya enameli na kuvunjavunja chembe zenye rangi ndani ya jino, nalo hubaki na unene wake. Njia ya nyumbani iligunduliwa kwa bahati: mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Arkansas, Marekani, dawa ya peroksaidi iliyotumika kutibu fizi ilionekana kuyafanya meno kuwa meupe. Mwaka 1989 madaktari wa meno Haywood na Heymann waliandika utaratibu wa kuvaa usiku kifuniko laini chenye jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, ambayo hutoa takriban asilimia 3.5 ya peroksaidi ya haidrojeni. Utaratibu huo bado unatumika.

Wakati wa tiba hii mara nyingi meno hushikwa na ganzi kwa siku chache. (Ajabu ya Kiswahili: ganzi ya jino ni kusisimka kwa uchungu likiguswa na maji baridi, na sindano ya ganzi ni ya kuua hisia zote. Mgonjwa hapotei hata kidogo.) Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba meno ya bandia, vijazio na kofia za meno havibadiliki rangi kwa peroksaidi. Mwenye kofia ya zamani mbele atabaki na jino moja la rangi ya jana.

Turudi kwa kijana wa Arumeru. Meno yake si machafu na wala hajazembea kupiga mswaki. Maji ya kwao yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na vipo vyanzo vya maji vya kaskazini vinavyopita hapo. Magadi ya kulainishia maharage huongeza nyingine. Floraidi ikizidi wakati jino bado linajengwa ndani ya taya, enameli hutoka ikiwa na vitundu visivyojaa madini. Jino huota likiwa na weupe wa chaki, kisha vitundu hunywa rangi na kugeuka kahawia. Kukwangua hakusaidii. Kufifisha peke yake kunaweza hata kuzidisha mabaka meupe kuonekana. Doa likiwa la juujuu, daktari hulisugua kwa mchanganyiko wa asidi na unga wa mawe, akiondoa tabaka jembamba sana la enameli. Doa likizama sana, hapo ndipo inapotajwa vinia, yaani kigamba chembamba kinachobandikwa mbele ya jino.

Neno hili ni la maseremala kabla ya kuwa la madaktari: ubao mwembamba wa thamani unaobandikwa juu ya ubao wa kawaida. Mwaka 1928 daktari wa meno Charles Pincus alianza kuwabandikia waigizaji wa Hollywood vigamba vya muda, walivyovivua baada ya kupigwa picha. Njia ya kubandika kwa kudumu ilifunguliwa mwaka 1955, Michael Buonocore alipoonyesha kwamba asidi hukwaruza enameli kiasi cha kushika gundi. "Gamba la jino" ni jina zuri, ila nahofia litachanganywa na ugaga, ambao nao hubanduka magambamagamba. Vinia ibaki vinia.

Mara nyingi enameli huchongwa kiasi cha nusu milimita ili vinia ikae, na enameli haioti tena, kwa kuwa seli zilizoijenga hufa kabla jino halijatokeza. Vinia ikichakaa baada ya miaka kumi au kumi na tano, utaweka nyingine. Hakuna kurudi kwenye jino la mwanzo.

Limau, mkaa na magadi ya kusugulia havimo miongoni mwa tiba hizi, maana limau huyeyusha enameli, na mkaa na magadi huweza kuipunguza kwa kuikwangua. Basi ukikaa kwenye kiti cha daktari, usimwambie "nisafishe". Mwulize: utaniondolea ugaga, utafifisha rangi, au utachonga enameli?