Fundo au Kibao? Kukaza Kamba kutoka Lamu hadi Akalla

Wenzetu wengi chamani wanaamini kwamba vile vibao vidogo vya plastiki vinavyokaza kamba za hema ni uvivu wa kisasa, na kwamba mtu aliyefunzwa akafunzika hufunga fundo. Hoja hiyo nimeisikia kwa maskauti wa Kiswidi na nimeisikia kwa wajomba zetu pia. Mimi nadhani historia, hasa ya pwani yetu, inasema vingine.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ni kipande chenye matundu mawili au matatu. Kamba hupita tundu la kwanza, huzunguka kigingi, kisha hurudi na kuishia kwenye tundu la pili kwa fundo dogo ambalo halifunguliwi tena. Ukisukuma kibao juu, kamba inakaza. Ukikiachia, uzito wa hema unakilaza upande, kamba inapinda kwenye kingo za matundu na kujibana yenyewe. Aliyewahi kufungua fundo lililoganda kwa baridi ya Uswidi hahitaji maelezo zaidi.

Kifaa hiki kilianza kama mti. Mahema ya majeshi ya Ulaya katika karne ya 19 yalikuwa na vibao hivyo kwa sababu kamba za nyuzi za mimea, zikilowa, hufupika, na mvua ya usiku mmoja ingeweza kung'oa vigingi. Askari alitoka nje, akalegeza kibao, akarudi kulala. Kisha ikaja nailoni, iliyobuniwa katika maabara ya DuPont huko Marekani mwaka 1935. Hii ni kinyume: ikilowa hurefuka, tena ni laini kiasi kwamba mafundo mengi ya zamani huteleza. Kibao kikabaki, ila sababu yake ikageuka.

Sasa twende Lamu. Wengi wetu tumewahi kuona picha ya mtepe, chombo cha Wabajuni na majirani zao, chenye tanga la mkeka na omo linalofanana na shingo ya ngamia. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilipangwa ukingo kwa ukingo, zikatobolewa, zikashonwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Ufundi huo ni wa kale: kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus kinataja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani yetu, na kinasema jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa. Watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliona vyombo vya namna hiyo hiyo.

Watu husema "kushona" kana kwamba ni sindano na fundo. Sivyo. Ukifunga fundo kwenye kila tundu, kamba italegea kabla hujafika tundu la pili. Mafundi wa vyombo vya kushonwa katika Bahari ya Hindi huvuta kamba kwa kijiti kinachotumika kama wenzo, na wakati kamba bado imekaza tundu huzibwa kwa kipande cha mti au nyuzi, kikagongwa mpaka kamba ikabanwa isirudi nyuma. Kinachoshika ni kabari. Hii si nadharia tupu: Jewel of Muscat, jahazi la kushonwa lililojengwa Oman, lilisafiri hadi Singapore mwaka 2010. Usumba nao una tabia zake. Makumbi hufukiwa kwenye mchanga wa pwani kwa miezi, kisha wanawake huyaponda na kusokota kamba. Wanawake wa mashariki ya Unguja wangali wanafanya hivyo. Kamba hiyo haiozi upesi katika maji ya chumvi, tena inavutika kidogo, na ndiyo maana mtepe uliweza kugonga mchanga bila kupasuka. Ulivuja, ndiyo, na mabaharia walitoa maji bila kupumzika. Simsifii mtu asiyetaka kulala.

Kwa hiyo babu zetu hawakuabudu fundo. Hata kitanda cha kamba hakifungwi, huwambwa, kama ngoma, na kinapolegea hukazwa upya. Katika jahazi kamba ya kupandishia foromali hupita kwenye makapi, kwa sababu mikono ya watu haitoshi.

Stockholm kuna ushahidi wa upande wa pili. Merikebu Vasa ilizama bandarini humu tarehe 10 Agosti 1628, ikainuliwa mwaka 1961, na kwenye makumbusho yake utaona vipande vya mti vya mviringo vyenye matundu matatu. Kamba nyembamba hupita humo mara kadhaa na kukaza kamba nene zinazoshikilia mlingoti. Waswidi huviita jungfru, yaani mwanamwali. Ni binamu wa kibao cha hema.

Nadhani heshima kubwa ya fundo tuliyonayo leo imetoka kwa skauti, ambao mwanzilishi wao, Baden-Powell, alifariki Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Sina ugomvi na skauti. Wana hata fundo linaloteleza likisukumwa na kushika likivutwa, yaani kibao kisicho na kibao. Anayelijua alifunge.

Järvafältet, ambako tulitandika turubai letu Juni, ulikuwa uwanja wa mazoezi ya jeshi tangu 1905. Jeshi lilipoondoka, Akalla ikajengwa, na treni ya chini ya ardhi ikafika mwaka 1977. Siku hiyo mzee mmoja wa Lamu, jirani yetu, alikishika kile kipande cha plastiki, akakigeuza, akatuuliza sisi wanafunzi kinaitwaje. Kiswidi tulikijua. Kiswahili tulinyamaza, na si hicho tu: henza, kapi, foromali, usumba, vyote alituambia yeye, huku akituonyesha kwa kamba ya turubai. Mtepe wa mwisho ulikwisha kabla hajazaliwa, lakini maneno aliyapata kwa babu yake.

Mimi nimependekeza "kikaza". Yeye anasema "kabari" yatosha, kwani kazi ni ile ile. Mwenye neno bora alilete mkutano ujao.