Kabati dogo la gemu

Kabati dogo la gemu (pia: mashine ya arkedi ya nyumbani) ni sanduku lenye skrini, kompyuta, spika, fimbo za kuongozea na vitufe, linalotengenezwa kwa ajili ya kucheza michezo ya video nyumbani. Ni mfano uliopunguzwa wa mashine kubwa za sarafu zilizoenea Marekani, Japani na Ulaya tangu miaka ya 1970. Kabati la wachezaji wawili huwekwa juu ya meza au hujengwa kuwa meza yenyewe, hivyo linaweza kutoshea hata katika chumba kimoja chenye kitanda na viti.

Ugumu wake mkubwa ni upana. Skrini inaweza kupunguzwa, lakini mabega ya watu wawili hayapungui. Kwa sababu hiyo vipimo vyote huanzia kwenye nafasi ya mikono, si kwenye ukubwa wa skrini.

Historia

Mchezo wa kwanza wa video kuuzwa kibiashara katika mashine ya sarafu ulikuwa Computer Space, uliobuniwa na Wamarekani Nolan Bushnell na Ted Dabney na kutolewa mwaka 1971. Mwaka 1972 wawili hao walianzisha kampuni ya Atari, iliyotoa Pong, mchezo wa watu wawili. Baadaye Space Invaders (1978) wa kampuni ya Taito na Pac-Man (1980) wa Namco, zote za Japani, ilipata umaarufu duniani. Michezo hiyo ilitolewa pia katika umbo la meza fupi: wachezaji waliketi wakitazamana na kucheza kwa zamu, na picha iligeuka kumwelekea aliyekuwa anacheza.

Mwaka 1991 Capcom ilitoa Street Fighter II. Hapa wachezaji wawili walisimama bega kwa bega na kupambana kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na fimbo moja na vitufe sita. Mpangilio huo ndio unaoigwa zaidi katika makabati ya nyumbani.

Ujenzi wa nyumbani ulirahisishwa na mambo mawili: programu ya MAME, iliyoanzishwa na Mwitalia Nicola Salmoria mwaka 1997 ili kuiga mashine za zamani ndani ya kompyuta ya kawaida, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012.

Afrika Mashariki

Katika Tanzania na Kenya vijana wengi wamezoea michezo ya video kupitia vibanda vya gemu, ambako mwenye kibanda huweka televisheni na mashine ya PlayStation na mteja hulipia mechi au muda. Wachezaji wawili hukaa kwenye benchi moja, kila mmoja na padi yake.

Kabati la gemu lisichanganywe na mashine za kamari. Katika kabati la gemu mchezaji hashindi fedha. Mashine za kamari nchini Tanzania husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Aina

* Kabati la mezani: halina miguu, huwekwa juu ya meza imara. Huchukua nafasi ndogo kuliko aina nyingine na linaweza kuhifadhiwa juu ya kabati la nguo.
* Kabati la kusimama: lina kimo cha mtu, na huchukua eneo la sakafu muda wote.
* Kabati la meza: skrini hulala chini ya kioo. Likifunikwa hutumika kama meza ya kawaida, lakini michezo ya kupambana hailifai vizuri, kwa kuwa mmoja huona picha juu chini.
* Ubao wa vidhibiti pekee: fimbo na vitufe vya watu wawili hufungwa kwenye ubao mmoja unaounganishwa na televisheni ya nyumbani. Ni chaguo la chumba kidogo kabisa.

Vipimo

Mpangilio wa vitufe sita huchukua takriban sentimita 14 kutoka katikati ya fimbo hadi katikati ya kitufe cha mwisho. Kwa wachezaji wawili ni sentimita 28. Kati ya kitufe cha mwisho cha mchezaji wa kwanza na fimbo ya mchezaji wa pili huhitajika angalau sentimita 15, la sivyo mikono hugongana. Kila upande huachwa sentimita 7 au 8 za kuegemeza kiganja. Jumla hukaribia sentimita 60. Chini ya sentimita 50 ni afadhali kupunguza vitufe hadi vitatu kwa kila mchezaji kuliko kuvibananisha.

Monita ya inchi 19 ya umbo la zamani, isiyo pana, ina picha ya upana wa sentimita 38 hivi. Hutoshea ndani ya kabati la sentimita 60 na kuacha nafasi ya spika pembeni. Michezo mingi ya miaka ya 1980 na 1990 ilitengenezwa kwa skrini za umbo linalokaribia hilo. Kwa hiyo monita kuukuu ya ofisini hufaa kuliko televisheni pana ya bei kubwa.

Kabati la upana wa sentimita 62, kina cha sentimita 45 na kimo cha sentimita 60 hupatikana kutoka katika karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, na vipande hubaki.

Kabla ya kukata mbao, mafundi wengi huchora vidhibiti kwenye boksi la karatasi kwa ukubwa halisi. Watu wawili huweka mikono juu yake kwa dakika kadhaa. Kosa la upana likionekana hapo hugharimu boksi tu. Likionekana baada ya kutoboa hugharimu ubao mzima.

Vidhibiti

Ndani ya fimbo ya kuongozea kuna swichi ndogo nne, moja kwa kila upande. Fimbo ikisukumwa kwa mshazari swichi mbili hugusa pamoja, hivyo pande nane hupatikana. Kila kitufe kina swichi moja. Nyaya za swichi hizo huenda kwenye kadi ndogo ya USB, ambayo huiarifu kompyuta kitufe kipi kimebonyezwa. Kwa kawaida kila mchezaji huwa na kadi yake.

Baadhi ya watu hutumia sakiti ya kibodi ya zamani badala ya kadi. Njia hii ni nafuu, lakini kibodi nyingi hushindwa kutambua vitufe vingi vinavyobonyezwa kwa pamoja. Mtu mmoja akicheza tatizo huenda lisionekane. Wawili wakipambana, pigo la mmoja hupotea, na ugomvi wa nani ameshinda huanzia hapo.

Matundu ya vitufe vya aina ya Japani huwa na kipenyo cha milimita 30, na ya aina ya Marekani takriban milimita 28. Kwenye mbao nene hufaa vitufe vya kukazwa kwa nati, kwa sababu vile vya kubana kwa meno vilikusudiwa bati au plastiki nyembamba.

Mbao na hali ya hewa

Katika maeneo ya joto na unyevu, uteuzi wa mbao huamua umri wa kabati. Mfano ni Lyulilo, kijiji kilicho karibu na Matema katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa chini ya Milima ya Livingstone, kinachojulikana kwa soko la vyungu vya Wakisi. Eneo hilo liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua nyingi. Tambarare ya Kyela, inayopitiwa na mito kama Songwe, Kiwira na Mbaka, hufurika wakati wa masika.

Katika mazingira hayo MDF na chipibodi hunyonya maji, huvimba kwenye kingo na kuachia skrubu. Plaiwudi ya milimita 12 hadi 18 huvumilia zaidi, mradi kingo zake zipakwe rangi au vanishi kabla ya kuunganishwa. Kabati la kusimama huinuliwa kwa miguu, na vifaa vya umeme hufungwa sehemu ya juu. Matundu ya hewa huwekwa chini na juu ili joto litoke, kisha huzibwa kwa kipande cha chandarua. Ziwa Nyasa lina wadudu wadogo waitwao kungu, ambao huinuka juu ya maji kwa makundi makubwa yanayofanana na moshi.

Karatasi nzima ya plaiwudi haibebeki kwenye bodaboda. Ni rahisi zaidi kukatiwa vipande kwa seremala mjini na kuviunganisha nyumbani kwa skrubu.

Umeme na usalama

Raspberry Pi pamoja na monita bapa ya inchi 19 kwa kawaida hutumia chini ya wati 60, kiasi kinachoweza kubebwa na mfumo wa wastani wa sola wenye inveta. Umeme wa gridi Tanzania ni volti 230. Viungo vyote vya volti hizo hufunikwa ndani ya boksi, mbali na nyaya za vitufe. Umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika, hivyo inafaa kuweka nakala ya pili.

Televisheni ya zamani yenye tyubu isifunguliwe na mtu asiye fundi. Ndani yake huweza kubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Programu na hakimiliki

MAME yenyewe hupatikana bure, lakini michezo mingi inayoendeshwa nayo bado ina wenyewe. Nchini Tanzania kazi za aina hii hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Njia halali ni kununua matoleo yanayouzwa na kampuni husika au kutumia michezo huria kama SuperTuxKart, mashindano ya magari yanayochezwa na zaidi ya mtu mmoja kwenye skrini moja.