Dawa ya Nairobi: Ipi Ina Kileo, Ipi Haina

Mpwani anayefika Nairobi akaagiza "dawa" mkahawani anaweza kuletewa kimoja kati ya vinywaji viwili. Kimoja ni maji moto ya tangawizi, kile ambacho mama zetu wametupa tangu utotoni kifua kikibana. Kingine kina vodka.

Hii ya vodka ilipata umaarufu Carnivore, mkahawa wa nyama choma uliofunguliwa mwaka 1980 karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, nje ya Barabara ya Langata. Ni jamaa wa karibu wa caipirinha ya Brazili, ila pombe ya miwa imeachwa ikatiwa vodka, na asali ikaongezwa. Ndimu hukatwa vipande pamoja na ganda lake, ikawekwa kwenye glasi fupi na kijiko cha sukari. Hujazwa barafu, kisha humiminwa vodka, kiasi cha mililita 50. Kijiti kilichozungushiwa asali nzito hutumbukizwa humo, na mnywaji mwenyewe huponda ndimu kwa kijiti hicho. Kadiri anavyokoroga ndivyo utamu unavyozidi. Wenye Carnivore ndio wenye Tamarind ya Nyali, kwa hiyo usidhani ni mambo ya bara tu.

Ile ya moto inajulikana zaidi kwenye mikahawa ya kahawa. Java House, iliyoanza mwaka 1999 Adams Arcade, Barabara ya Ngong, huitengeneza kwa tangawizi, limau, asali na maji moto. Katikati ya jiji, ukiagiza dawa kwenye mkahawa wa chai, kwa kawaida ndiyo hiyo utakayoletewa.

Matata yako kwenye baa na mikahawa inayouza vyote, kama mingi ya Westlands na Kilimani. Vodka haina rangi wala harufu kali, na ndimu na asali huificha vizuri mno. Mtu aweza kumaliza glasi bila kujua. Baridi na moto si dalili ya kutosha. Ya barafu hutengenezwa pia bila kileo mteja akitaka, na ya moto huweza kutiwa brandi kidogo, mtindo wa kizungu wa kupambana na mafua. Tazama imeandikwa wapi kwenye menyu: ikiwa kati ya kokteli, ina kileo mpaka uambiwe vinginevyo. Kisha muulize mhudumu waziwazi, "Ina pombe?" Usiulize kama ni kali, maana tangawizi nayo ni kali, na atakujibu ndiyo kwa nia njema kabisa.

Kuitengeneza nyumbani ni rahisi. Kwa vikombe viwili, twanga tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba, uichemshe dakika kumi. Anayependa atie iliki mbili au pilipili manga kidogo. Epua, chuja, iache ipoe kidogo, ndipo ukamulie nusu ya limau. Ukilichemsha, harufu yake hupotea. Asali iwe ya mwisho, vijiko viwili. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe, kwa sababu asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.