Maji ya Injini Huenda Wapi?

Leo naweka kando mambo ya kompyuta kidogo, ingawa mwishowe mtaona sijaenda mbali. Nataka kuwasimulia historia ya maji ya rejeta, na aliyenitia katika mambo haya ni mjomba wangu.

Mjomba ana pikapu ya kubeba mboga kutoka Limuru hadi sokoni Nairobi. Ndiyo inayolipa karo ya watoto wake. Mwaka jana ilianza kunywa maji: karibu lita moja kila wiki, na chini yake hakuna hata tone. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya maji. Wa pili akabadilisha mipira yote, akazibua rejeta, kisha akang'oa thamostati na kuitupa, eti gari za huku haziihitaji. Maji yakaendelea kupotea. Mjomba akazoea kubeba mtungi wa lita tano nyuma ya kiti. Alipoanza kuulizia bei ya kuiuza pikapu hivyo hivyo ilivyo, nilimwomba anipe wiki mbili.

Kazi yangu ni kuandika programu. Programu inayomeza kumbukumbu ya kompyuta kidogo kidogo bila kuirudisha ni ugonjwa ninaoujua vizuri, na kuongeza maji kila asubuhi ni sawa na kuzima na kuwasha seva kila usiku: shida haionekani, lakini ipo. Kwa hivyo nilianza kama ninavyoanza kazini, kwa kuuliza mfumo huu uliundwaje. Jibu lilinishangaza. Magari ya kwanza yaliundwa yapoteze maji.

Karl Benz alipoomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886, silinda yake ilizungukwa na maji yaliyoachwa yachemke. Mvuke ulitoka hewani ukiondoka na joto. Si ujinga huo: kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula joto karibu mara saba ya lile linalohitajika kuipasha kutoka nyuzi 20 hadi 100. Shida ni kwamba maji huisha. Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alichukua gari hilo bila kumwambia mumewe, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, wakatoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Petroli wakati huo iliuzwa kwa mwenye duka la dawa. Maji je? Walisimama mara kwa mara kuyatafuta njiani. Lakini hakuna ambaye angemwambia mama yule kwamba injini yake ni mbovu. Kupungua kwa maji ndiko kulikokuwa kupozwa kwenyewe.

Basi kupotea kwa maji kukawa kosa lini? Kwa maoni yangu, pale watu walipoamua maji yale yale yazunguke bila kutoka. Aliyesukuma jambo hili mbele kuliko wengine ni Wilhelm Maybach, katika gari la Mercedes la nguvu farasi 35 lililokamilika mwishoni mwa mwaka 1900. Rejeta yake ilifanana na sega la nyuki: mirija 8,070 ya hewa, yenye upana wa milimita 6, na maji yakipita katikati yake. Maji machache yakatosha kupoza injini kubwa. Ila mimi, kwa tabia ya kazi yangu, nilipiga hesabu: kila mrija una ncha mbili za kuchomelewa, hiyo ni sehemu 16,140 zinazoweza kuvuja. Hapo ndipo utafutaji ulipoanza.

Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, ilionyesha hatari ya pili. Isipokuwa zile chache za mwanzo kabisa, haikuwa na pampu ya maji. Maji moto yalipanda yenyewe hadi juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka. Ni ufundi mzuri, lakini yakipungua hadi chini ya mdomo wa mpira wa juu, mzunguko wote unasimama. Yaani gari linaweza kuwa na maji mengi ndani na bado likaungua.

Baridi nayo ilileta somo lake. Madereva wa Marekani walichanganya maji na alkoholi ili yasigande, lakini alkoholi ilivukizwa na joto la injini yakabaki maji matupu. Mwaka 1927 ikaingia sokoni Prestone, iliyotengenezwa kwa ethilini glaikoli, kioevu kinachochemka kwenye nyuzi 197 na hivyo hakikimbii ovyo. Sisi huku hatugandi, ndiyo maana wengi wetu hutia maji ya mfereji tu. Lakini kuleanti ina faida nyingine ambayo sikuwa nimeifikiria: ina rangi, na inapovuja maji yakikauka huacha ukoko. Ni kama logi ya injini. Maji ya mfereji mara nyingi hukauka juu ya chuma cha moto na kwenda zao bila kuacha ushahidi. Nilimwaga maji ya mjomba, nikatia kuleanti ya kijani, nikangoja wiki. Nikachungulia chini ya pampu, kwenye viungo vya mipira, hata chini ya zulia la abiria, kwa kuwa rejeta ndogo ya kupasha joto ndani hujificha huko. Hakuna kijani popote. Na kiwango kimeshuka.

Sasa tufike kwenye kifuniko, kidude ambacho watu hukidharau kuliko vyote. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vilienea vifuniko vyenye springi, vinavyoyabana maji ili yachelewe kuchemka. Mtu wa Mombasa anaweza kuponea chupuchupu bila springi nzuri, maji yake yanachemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 94 hivi, na Limuru chini zaidi ya hapo. Injini yenyewe hufanya kazi kwenye 90 hivi! Kifuniko cha baa 0.9 kikiwa kizima hukupeleka hadi karibu 115 hapa Nairobi. Cha mjomba springi yake ilikuwa imelegea kama mpira wa soksi kuukuu. Kila kupanda Limuru alikuwa anachemsha chai.

Kifuniko hicho kina vali nyingine ndogo, ya kurudisha maji kutoka kwenye chupa ya plastiki wakati injini inapoa. Chupa hizo zilipoenea katika miaka ya 1970, dereva aliacha kufungua rejeta akawa anaangalia chupa tu. Vali ikikwama, chupa hujaa huku rejeta ikikauka. Fungua rejeta yenyewe asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, ndipo utaamini.

Nilinunua kifuniko kipya nikadhani nimemaliza. Kuchemka kukaisha, maji yakaendelea kupungua, ingawa polepole. Makosa mawili, moja likijificha nyuma ya lingine. Wenzangu wa programu wananielewa. Tukaazima pampu ya mkono ya kupimia presha, tukaifunga mdomoni mwa rejeta injini ikiwa baridi. Mshale ukashuka taratibu, nje kukavu.

Kama hayatoki nje, yanaingia ndani. Injini nyingi za leo zina kichwa cha alumini juu ya bloku ya chuma, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Gasketi iliyo katikati husuguliwa kila safari. Injini iliyowahi kuchemka, kama hii, huiumiza zaidi. Ikitoboka kidogo, moshi wa silinda huingia majini injini ikinguruma, na ukizima, maji huingia kwenye silinda. Asubuhi huungua na kutoka kama moshi mweupe, lakini kwa baridi ya Limuru, nani ataushangaa moshi mweupe asubuhi? Kipimo chake ni kioevu cha buluu ndani ya kichupa kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Kikivuta hewa yenye kaboni dayoksaidi, hugeuka manjano. Chetu kiligeuka kabla dakika mbili hazijaisha.

Fundi wa tatu alipofungua kichwa, pistoni tatu zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Ya nne iling'aa, imesafishwa na mvuke kwa miezi. Kichwa kilikuwa kimepinda kidogo tu, kikapelekwa kusawazishwa, tukatia gasketi mpya na, kwa kusisitiza kwangu, thamostati.

Mjomba amechora alama kwa kalamu kwenye chupa na kila Jumapili hunitumia ujumbe: "Iko pale pale." Mtungi bado uko nyuma ya kiti. Anasema ni wa kunawa mikono.