Benga ilivyoibwa kabla ya mpira

Daniel Owino Misiani alifariki Mei 17, 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu, Kenya. Kiongozi huyo wa Shirati Jazz, bendi ya benga, muziki wa gitaa wa Waluo, alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, si mbali na Migori, na nyimbo zake bado zinavuma Rongo, Oyugis na Mbita. Nyingi hutoka kwenye memori kadi zilizopakiwa kibandani kwa shilingi chache. Katika biashara hiyo mwenye wimbo hapati kitu.

Uharamia huu ni mkongwe kuliko intaneti. Zamani benga iliuzwa kwa santuri ndogo, wimbo ukigawanywa pande mbili. Aliyeipanua biashara hiyo kuliko wengi ni Phares Oluoch Kanindo, aliyewahi pia kuwa mbunge wa Homa Bay. Shirika la muziki la Ketebul Music, walioandika historia ya benga mwaka 2008, wanampa nafasi kubwa, na anastahili. Alikuwa na lebo kadhaa, mojawapo ikiitwa Sungura. Santuri zake zilipofika Zimbabwe, watu waliuita muziki wenyewe kanindo, na lebo ile ikaupa jina mtindo wa sungura, unaopendwa huko hadi leo. Mfanyabiashara wa Nyanza Kusini akawa jina la muziki katika nchi ya watu! Kwao, ni vijana wangapi wanaofundishwa habari zake?

Kaseti ndiyo iliyoibomoa biashara ya santuri. Miaka ya 1980, mwenye redio ya kaseti mbili alinunua kanda moja akatoa nakala usiku kucha. Wanunuzi nao walikuwa na sababu zao: santuri ilitaka gramafoni na duka lake lilikuwa mbali, ilhali kaseti ya wizi ilimfuata abiria mpaka stendi ya matatu. Kampuni za kurekodi muziki za CBS na Polygram zikafunga virago. Wanamuziki hawakuwa na pa kwenda.

Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 2001, na baadaye zikaja stika za Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, za kutambulisha kanda halali. Stika haikushusha bei. Zikafuata CD, mabanda ya video, kisha flash.

Leo wizi umehamia kwenye mpira: mechi hutazamwa bila kumlipa mwenye haki ya kuzirusha. Mwaka 2025 kifurushi cha juu cha DStv, televisheni ya kulipia, kilipita shilingi 11,000 kwa mwezi, huku wateja wakilalamikia vipindi vinavyorudiwarudiwa. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinaonyesha wateja wa DStv walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.1 Juni 2024 hadi chini ya 190,000 mwaka mmoja baadaye. Ni vigumu kuamini kwamba wote hao wameacha kupenda mpira.

Wenye haki wakitaka Homa Bay na Migori zilipe, waweke bei ambayo mvuvi wa Mbita na mkulima wa miwa wa Awendo wanaweza kuimudu kwa siku, na fungu la msanii litolewe kwanza, kabla ya la wakala.